Pengo la Safu ya Tisa

Mimi nina hasira za karibu, na mdomo wangu hauna breki. Kwa hiyo nikisema kwamba Jumatatu ile nilinyamaza kimya mbele ya Daktari, anayenifahamu atauliza kama nilikuwa naumwa. Sikuwa naumwa. Niliogopa.

Nafanya kazi kwenye shamba la utafiti la serikali, Nachingwea mjini. Nasema mjini kwa sababu ndivyo ilivyo sasa: ukitoka sokoni kwa miguu na mwenzako, hamjamaliza kusengenya mtu mmoja mmeshafika getini. Nilipozaliwa pale, kwenye kota za wafanyakazi, mji ulikuwa kule na sisi tulikuwa huku, katikati pori. Wazee walisimulia kwamba shamba lilianza na karanga za mkoloni, karanga zikawashinda, likawa la mahindi, likawa la ufuta, mwisho likawa la mikorosho. Mji ukalifuata taratibu. Ilianza shule, zikaja nyumba za walimu, gereji, mnara wa simu, kanisa la walokole ambalo spika zake zote zimetuelekea sisi. Bodaboda wamejichongea njia yao katikati ya muhogo wa majaribio, na ukiwafokea wanakujibu, "Mama, tunapita tu." Wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa nao hupita na mifugo kandokando ya uzio wetu, na sisi tunasimama na fimbo mpaka ng'ombe wa mwisho aondoke. Watu wa mji wakituangalia hawaoni kazi. Wanaona miti, na chini ya miti wanaona viwanja.

Ndiyo maana barua ilipokuja haikutushangaza. Nusu ya chini ya shamba inachukuliwa, inajengwa stendi mpya. Mikorosho mizee ya safu ya kwanza mpaka ya kumi na mbili inang'olewa. Katapila litaingia Jumatano.

Barua hiyo aliileta Daktari. Ni mtafiti wetu, binti aliyesomea miti mpaka akaitwa hivyo, umri wake sawa na mwanangu wa pili. Ananiamkia kila asubuhi, ananiita Mama, na kazini ni moto. Jumatatu hiyo alikuja na mchoro wa shamba, akautandaza juu ya benchi la kitalu, akaubana kwa mawe pembeni.

"Mama, tusaidiane," akasema. "Hatuwezi kuokoa yote. Mti ambao namba yake ina nakala kule kituo kikubwa Mtwara, tunaupiga msalaba, uende. Ambao hauna nakala popote, tunautia alama ya vema, tunakata vikonyo vyake tuvibebeshe kwenye miche michanga kabla haujaangushwa. Nimekubaliana na wajenzi: yenye vema wanaiachia mpaka Ijumaa."

Kubebesha, kwa asiyejua, ni kuchukua kikonyo cha mkorosho unaoutaka ukakiunga kwenye mche mwingine, kikashika, ukapata mti uleule upya. Mkorosho unaopandwa kwa mbegu ni mtoto, anaweza kumfuata yeyote katika ukoo. Uliobebeshwa ni mti uleule mwenyewe.

Tukaanza. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nasoma kitabu, yeye anatia alama. Tulipofika safu ya tisa, mti wa sita, akacheka kidogo kwa uchungu.

"Huyu mpenzi wangu," akasema. "Lakini yupo Mtwara. Msalaba."

Nikaangalia kalamu yake inapita mara mbili juu ya karatasi. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikasoma mti wa saba.

Sasa nieleze huo mti wa sita ulivyokuwa. Kila mwaka mikorosho ikitoa maua, ubwiriunga unaingia, ule ugonjwa unaopaka maua unga mweupe mpaka yanasinyaa, na mkulima wa Lionja au Mkotokuyana asiyepulizia dawa anabaki na majani tu. Mti ule hatukuwahi kuupulizia, kwa makusudi, uwe wa kulinganishia. Majirani zake wanakuwa weupe pe, wenyewe unasimama na maua yake mekundumekundu kama hayajasikia habari. Daktari alikuwa ameuandikia kurasa na kurasa. Kitu kimoja kilimsumbua: namba hiyohiyo kule Mtwara ilikuwa inaugua kama mingine. Akasema lazima ni udongo wetu. Alipima udongo wa safu ya tisa mpaka nikamwonea huruma.

Haukuwa udongo. Mti ule haukuwa ile namba. Niliupanda mimi.

Marehemu baba alikuwa mkuu wa kitalu, na mimi nilikuwa kibarua wa kumwagilia, msichana niliyemaliza darasa la saba. Mikorosho ile ilipopandwa, kila mche ulifungwa kibati chenye namba. Na palikuwa na sheria isiyoandikwa popote: shamba la serikali halina pengo. Wakubwa wakija kukagua wakakuta shimo tupu, wanauliza nani ameua mche, na kibarua mmoja anarudi kwao Nambambo. Lakini si woga peke yake, nisiseme uongo. Sisi ni wakulima. Kwetu ukiacha shimo wazi katikati ya safu, majirani watakusema mwaka mzima kwamba nyumba hiyo ina mvivu. Kila asubuhi kabla ya karani wa shamba kupita na daftari lake, baba alizunguka safu zote, na alipokuta mche umekufa, aliuziba. Aliziba kwa chochote kilichokuwa na urefu ule. Kibati cha marehemu kinafungwa kwa mgeni, udongo unashindiliwa, maji yanamwagwa, basi.

Hakuna aliyetuambia kwamba pengo nalo ni jibu. Kwamba mche ukifa mtafiti anataka kujua umekufa. Baba aliona kazi yake ni kuhakikisha hakuna kilichokufa, na aliifanya kwa moyo wote.

Safu ya tisa mchwa walikula mche wa sita. Nyuma ya kota nilikuwa na michemiche yangu kwenye makopo ya mafuta, niliyootesha kwa korosho alizotoka nazo mama kwa bibi, Lionja. Baba akaniambia, "Lete mmoja." Nikaleta, tukapasua kopo, nikashika shina, yeye akashindilia. Nilijisikia mtu mkubwa siku hiyo, jamani. Mche wangu kwenye shamba la serikali!

Karani alipofika aliinama, akaangalia majani, akaangalia udongo mbichi, akamwangalia baba. Halafu akaandika: umeshika.

Baba alistaafu na cheti cha mfanyakazi bora. Siku ya mazishi yake mkuu wa kituo wa wakati huo alisimama makaburini akasema kwamba enzi za mzee huyu shamba halikuwahi kuwa na pengo. Watu wakaguna kwa heshima, mama akalia. Cheti kipo ukutani kwangu mpaka leo. Sasa niende kwa Daktari nikamwambie nini? Kwamba baba yangu alikuwa mwongo? Kwamba kurasa zake zote ni za mti mwingine? Na mimi mwenyewe, nimebakiza miaka minne kustaafu, nijichongee?

Nilifikiria kukata vikonyo vyake kimyakimya. Ningevikata, ndiyo, lakini ningeviandika nini? Kitaluni kwetu mche usio na namba hautunzwi, unapewa mtu akapande kwake. Na nikiviandika ile namba, vingepigwa msalaba kama mama yao, maana namba hiyo ipo Mtwara. Mti ulikuwa hauna nakala duniani, na karatasi inasema unayo. Mwenye kujua ni mimi.

Mimi, na karani.

Jumanne usiku sikupata lepe la usingizi. Asubuhi ya Jumatano nikampigia Daktari simu nikamwambia nina msiba Ruangwa. Akanipa pole, akasema, "Nenda Mama, tutahangaika wenyewe." Huo nao uongo mwingine. Nilipopita na bodaboda karibu na shamba nilisikia katapila limeshawashwa, na dereva wa pikipiki akapunguza mwendo aangalie. Nilimgonga mgongoni. "Twende! Umekodiwa kuangalia?"

Karani anaishi Ruangwa kwa binti yake. Nilimkuta kibarazani na sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, anamenya mmoja mmoja kwa kucha. Amezeeka, lakini shati limepigwa pasi na kalamu ipo mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kumbe ni wewe, binti wa kitalu! Umenenepa."

"Na wewe umekauka," nikamwambia, akacheka. Tulikuwa tunataniana tangu zamani. Akanisogezea sahani. Sikuigusa. Nikamweleza kila kitu: stendi, katapila, msalaba, safu ya tisa. Nikamwambia sina haja ya pesa wala maneno mengi, namtaka tu azungumze na Daktari kwenye simu, sasa hivi, aseme alichokiona asubuhi ile. Yeye alikuwa karani. Neno lake lina uzito, langu ni la kibarua aliyepanda cheo.

Alimenya ming'oko miwili mizima kabla ya kujibu.

"Mimi niliandika nilichokiona," akasema.

"Uliona udongo mbichi, mzee."

"Niliona mche umesimama. Nikaandika umeshika. Ulikuwa umesimama, haukusimama?"

"Haukuwa mche uleule!"

"Binti." Akaweka mng'oko chini. "Mimi nakula pensheni ya serikali. Baba yako amelala salama. Wewe unataka kutufukua wote wawili kwa ajili ya mkorosho?"

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimwambia maneno ambayo mtu haambiwi kibarazani kwake, mbele ya binti yake aliyekuwa ameshika mlango. Nilimwita mwoga. Nilimwambia kalamu yake haikuwahi kuandika neno la kweli. Aliinuka taratibu, akashika ukuta, akaingia ndani. Binti yake akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, afadhali uende tu." Nikaondoka, na kila nililomrushia yeye lilikuwa linanirudia mwenyewe. Yeye ana miaka themanini na hayupo shambani. Mimi nilikuwepo Jumatatu, kitabu mkononi, na nikasoma mti wa saba.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Jua kali, vumbi, dereva anasimama kuongeza mafuta, anasimama kujibu simu, mimi nafoka. Tulipofika kona ya gereji sikusikia maspika wala nini, nilisikia injini. Nikashuka pikipiki haijasimama vizuri, nusura nianguke, nikapita kwenye uzio kwa ile njia ya bodaboda ninayoilaani kila siku.

Sikuwahi kuona shamba likiwa wazi namna ile. Nilisimama safu ya kwanza nikaona gereji, nikaona hadi watu wanakunywa soda. Mikorosho ilikuwa imelala chali, mizizi juu, majani bado mabichi. Safu ya kwanza, ya pili, ya tano, yote. Palisimama mti mmojammoja uliofungwa kitambaa chekundu, wenye alama ya vema. Katapila lilikuwa linamalizia safu ya nane.

Nikakimbia. Miaka hamsini na sita, na kanga kiunoni, nikakimbia mpaka kwenye mti wa sita wa safu ya tisa, nikasimama mbele ya lile dude nikanyoosha mikono. Dereva, kijana mwenye spika za simu masikioni, akafunga breki akanitolea macho.

"Mama, unataka kufa? Huo una msalaba! Mimi natumwa tu!"

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima, nasema!"

Hakuzima, lakini alisimama. Daktari akaja mbio kutoka kitaluni, mkasi wa kupogolea mkononi, gauni limejaa utomvu.

"Mama? Si upo msibani?"

"Hakuna msiba. Nimekudanganya." Nikapumua. Nikaona nisipomwaga sasa hivi sitamwaga tena. "Na mti huu si namba yako. Uliliwa na mchwa, ule wa namba. Huu niliupanda mimi na baba yangu, ni korosho ya Lionja, ya kuoteshwa kopo. Hauna nakala Mtwara. Hauna nakala mahali popote."

Alinitazama kama ninaongea Kichina. Halafu nikaona inamwingia. Kwanza macho, halafu mdomo, halafu akauangalia mti. Miaka ya udongo wake ilikuwa inampita kichwani.

Msimamizi wa ujenzi naye akafika, mtu mnene na kofia ya njano. "Daktari, tulikubaliana. Msalaba ni wetu. Kila mti mkianza kuukumbukia habari zake hatutajenga."

"Una ushahidi, Mama?" Daktari akaniuliza. Sauti ilikuwa kavu. "Usinipe maneno. Nipe kitu."

Nilikuwa nimetoka kuusaka ushahidi Ruangwa nikafukuzwa. Nikamwangalia yeye na mkasi wake, nikaangalia shina lililofukiwa na udongo wa palizi ya miaka yote hiyo, na hapo tu, haki ya Mungu, hapo tu ndipo akili ikanijia. Nimebebesha miche maisha yangu yote, halafu nikaenda kuomba ushahidi kwa mtu!

"Jembe," nikasema. "Kovu. Miti ya namba yote ilibebeshwa, na uliobebeshwa una kovu."

Daktari hakungoja. Alichukua jembe la kibarua aliyekuwa jirani akaanza na mti wa saba, unaojulikana ni wa namba kweli. Akafukua kiganja na nusu, likatokea bonge nene kama goti lililovimba, pale kikonyo kilipoungwa. Akapangusa kwa mkono. Akahamia mti wa sita. Nikapiga magoti nikawa natoa udongo kwa vidole, yeye anachimba, mimi natoa. Kiganja. Viganja viwili. Mpaka tukafika mizizi inapoanza kutawanyika. Shina lilishuka limenyooka moja kwa moja. Halikuwa na kovu, halikuwa na bonge, halikuwa limeunganishwa na kitu chochote tangu litoke kwenye korosho.

Daktari akakaa chini hapohapo kwenye udongo.

"Nipe nusu saa," akamwambia msimamizi bila kumwangalia. "Vikonyo tu. Halafu uchukue."

Yule bwana akaangalia saa, akaangalia sisi wanawake wawili tulivyochafuka, akamwashiria dereva. Injini ikazimwa. Nusu saa ilikuwa fupi. Tulikata haraka. Daktari juu, mimi chini, nikipunguza majani, nikivipanga vikonyo kwenye gunia bichi, nikivifunga kumi kumi. Mikono yangu inajua kazi hiyo hata kichwa kikiwa hakipo. Nilikuwa nasubiri anitukane. Ningetulia zaidi kama angenitukana. Nikajisemea, basi, umesema, mti umepona, baba atakusamehe.

Tulipomaliza akashuka, akachukua lile daftari lake dogo, akafungua ukurasa mweupe. Aliandika kitu, akakipigia mstari. Ndipo akaniuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Mapengo mengine, Mama. Mliyoyaziba kwa korosho zile za Lionja. Ni mangapi?"

Sikuwa nimeyafikiria. Siku tatu mchana na usiku niliwaza mti mmoja, ule uliosifiwa, ule wa kuniletea aibu. Mingine ilikuwa imesimama tu na namba za watu, ikipigwa misalaba, na mimi ndiye niliyekuwa nasoma kitabu. Nikafumba macho nikamwona baba anatembea kwenye safu asubuhi na mapema, ananiita, "Lete mmoja," na mimi naleta. Safu ya pili. Ya tatu, mara mbili. Ya tano. Ya saba. Ya nane.

"Sita," nikasema.

"Safu zipi?"

Dereva akawasha injini. Daktari alikuwa ameshika kalamu, ananingoja, na nyuma yake, pale zilipokuwa safu hizo, niliweza kuona mpaka gereji. Nikamtajia moja baada ya nyingine, naye akaziandika zote.